Kura ya Kujipanga

Kijiji chetu kiko chini ya Rwamgasa, mahali mto unapofika ukiwa umeshatumiwa na kila mtu. Vijiji vya juu vilikuwa na viti kwenye jumuiya ya watumia maji. Sisi hatukuwa na hata kigoda. Afisa wa maji wa bonde la mto alipokuja, alitueleza kwamba kujiunga si kazi ngumu: mkutano wa kijiji ukubali, kisha tuchague mwakilishi. Huyo ndiye angekaa na wenzake kuamua nani aoshee dhahabu wapi.

Tukakubali. Wa kwanza kunyoosha mkono kugombea alikuwa tajiri mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Huyohuyo anayeoshea kwa zebaki juu kidogo tu ya tunapochota maji ya kunywa! Fisi anaomba kulinda zizi. Nilipandwa na hasira, nikanyoosha mkono na mimi. Hasira ilipoisha nikakumbuka kwamba mume wangu alikuwa kibarua wa karasha hiyo, na hatukuwa na chakula kingine.

Uchaguzi ukapangwa juma lililofuata. Jioni ya kuamkia siku hiyo mume wangu alisema, "Mama watoto, mimi nitasimama kwenye mstari wa bosi. Usininunie."

"Simama hukohuko," nilimjibu. Nilisema kwa moyo wote. Angalau tungekula.

Wazee walikuwa wamekataa karatasi; kila mtu angesimama nyuma ya mgombea anayemtaka. Walidai kura ya kujipanga haiibiwi, na ni kweli, ila haina pa kujificha. Tajiri na mimi tulisimamishwa mbele, migongo kwa watu, tukakatazwa kugeuka mpaka hesabu iishe. Msimamizi wa karasha alisimama akitutazama sisi na mistari yetu, akiandika kichwani nani kaenda wapi. Nilisikia miguu ikiburuza nyuma yangu, nisijue ni ya watu wangapi.

Kisha mtu akakohoa karibu na kisogo changu. Kikohozi cha vumbi la mawe. Nimelala nacho miaka yote ya ndoa.

"Rudi kwa bosi," nilinong'ona bila kugeuka. "Baba watoto, nakuomba, rudi."

"Nyamaza. Wanahesabu."

Msimamizi alikuwa anamtazama juu ya bega langu. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kujifungua.

Mstari wangu ulikuwa mrefu zaidi. Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakaniambia wabeja, wabeja sana, asante. Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, tajiri alitupita na pikipiki, akapunguza mwendo. "Kesho usije kazini," akamwambia mume wangu, kwa upole kabisa.

"Sawa, bosi."

Karibu na mtoni akaniuliza, "Kikao chenu ni lini?"

"Jumatatu."

"Basi ukienda ukaseme. Usije ukaenda kunyamaza huko."

Nikamwambia sitanyamaza. Sijanyamaza mpaka leo, ingawa kila kikao naogopa kama siku ile.