Jina Nililoliitikia kwa Bibi Zaituni

Siku yangu ya kwanza kutunza mzee nyumbani kwake nilifika na beseni, sabuni na taulo, nikakuta sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimetoka hospitali, ambako mgonjwa hulala kitandani na kazi humfuata. Huyu mzee, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameketi sebuleni kwake amevaa koti, akaniuliza ni nani aliyenituma kuja kumvua nguo. Masista, mtawa msimamizi wetu aliyenileta, aliniachia nijibu mwenyewe. Nikamwomba mzee ruhusa kama mgeni anavyoomba. Alifikiri kidogo, kisha akanionyesha ndoo ilipo.

Tulipotoka Masista akaniambia, "Ku hospitali, yeye iko kwetu. Hapa, weye njo uko kwake."

Ninyi mnaoanza kazi hii hapa Likasi mtajifunza mengi kwa mikono. Mtajifunza kumgeuza asiyeweza kujigeuza, ili ngozi ya nyonga na visigino isioze. Vidonda hivyo tunaviita eskari, na kikishafunguka kimoja, kukifunga ni kazi ya miezi. Mtajifunza kutandika aleze, shuka fupi inayokatisha kitanda chini ya kiuno. Mkiivuta wawili, mgonjwa anageuka bila kuburutwa. Mtajifunza kulisha kwa kijiko kidogo na kungoja koo limeze. Hayo yote yana majibu. Ukikosea, unaona. Ninalotaka kuwasimulia mimi mpaka leo sijalipatia jibu.

Baada ya yule fundi, Masista alinipeleka Kapolowe kwa mwalimu mstaafu, aliyekuwa akinisahihisha Kifaransa huku namkata kucha, akili yake timamu hadi mwisho. Alipofariki nikarudi mjini, nikapewa Bibi Zaituni.

Bibi alikuwa wa ukoo wa Kiislamu uliotoka Kasongo, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Aliishi nyuma ya duka la mwanawe, Papa Ramazani. Mwili ulikuwa bado na nguvu, ila kumbukumbu zilikuwa zimechanganyika. Alimngoja mumewe, aliyekufa zamani, arudi kula. Masista alikuwa ameniagiza nisimdanganye mzee hata kidogo, kwa hiyo nilimwambia kwamba mume amefariki. Akalia kama anayesikia msiba kwa mara ya kwanza. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena. Docteur, daktari wake, alipokuja kumpima alinivuta pembeni, akaniambia, "Usimupinge. Kama anasema ni asubui, ikuwe asubui."

Sasa nilikuwa na wakubwa wawili na amri mbili. Nilipomuuliza Masista, alisema Docteur anakaa na mgonjwa muda mfupi tu. Docteur naye alisema Masista hamuoni Bibi akilia. Nilifuata ya Docteur, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimfuta machozi.

Ndipo Bibi akaanza kuniita Mwamini. Nilimuuliza Papa Ramazani huyo ni nani. Alisema ni dada yake, kisha akasema, "Haiko," akarudi kwa wateja wake. Hayupo: nikaelewa kwamba amekufa. Basi Bibi akiita Mwamini, mimi naitika.

Alasiri moja, baada ya kumtilia maji ya udhu, alinishika mkono na kunitazama sana.

"Mwamini, mwanangu," akasema, "babako ndiye aliyekufukuza, lakini mkono uliofunga mlango ulikuwa wangu. Unisamehe."

Hakuuachia mkono wangu.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Alilala vizuri siku hiyo. Asubuhi nikamweleza Papa Ramazani, nikidhani nampelekea faraja. Akakaa chini juu ya gunia la mchele. Akanieleza kwamba dada yake aliolewa na mchimbaji, akaingia kanisa la mumewe, baba akamfukuza. Na sasa anaishi Kamatanda, si mbali.

"Nilisema haiko hapa," akasema. "Sikusema alikufa."

Alimtuma dereva wake kumleta. Mwamini aliingia, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akapiga magoti mbele ya mama yake. Bibi alimsalimu kwa heshima kama mgeni, kisha akanigeukia mimi. "Mwamini, mletee mgeni kiti."

Nilileta kiti. Sikujua niweke uso wangu wapi. Baadaye, uani, nilimweleza yote aliyoyasema mama yake, neno kwa neno. Akaniuliza nilijibu nini, nikamwambia.

Alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja.

"Yaya," akasema, akiniita dada mkubwa, "minye nilikuwa sijamusamehe bado."

Hata hivyo alirudi, tena na tena. Nilimfundisha kumwosha mama yake, uso kwanza, kisha kufunua sehemu moja tu na kuacha nyingine zimefunikwa. Bibi alimsifu yule mgeni kwa mikono yake laini. Mpaka alipofariki hakumwita kwa jina lake.

Siku ya msiba wanawake wa ukoo walibishana kama Mwamini, aliyehama dini, anaweza kuosha maiti. Papa Ramazani akasema ni mtoto wa marehemu, aingie, lakini wakubwa wakakataa. Alibaki nje pamoja nami, ukutani, tukasikia maji yakimwagika ndani.

Sasa magoti yangu yamekataa kazi, nimestaafu. Vijana huniuliza wafanye nini mzee akiwaita kwa jina la mtu mwingine. Nawaambia waulize kwanza jina hilo ni la nani, na kama yu hai, anaishi wapi. Zaidi ya hapo sina. Siku nyingine namwona Bibi alivyolala kwa amani, nasema nilifanya vema. Siku nyingine namwona Mwamini akiwa amepiga magoti.

Yeye hunitembelea anapokuja sokoni. Juzi, tukichambua sombe, majani ya muhogo, nilithubutu kumuuliza kama sasa amemsamehe mama yake.

"Sijui, yaya," akasema. "Weye ulitangulia kusema mbele yangu. Nikisikia ndani ya roho 'nimekusamehe', sijue kama ni sauti yangu ao ni yako."

Nikamwambia hata mimi sijui. Akasogeza kiti chake karibu, tukaendelea kuchambua sombe.