Dawa ya presha ilivyonikuza fizi, nusura ning'olewe meno manne mazima

Wakuu, habari za humu. Nimeishia darasa la nne, mtanivumilia maandishi. Ila haya yamenikuta mdomoni mwangu mwenyewe, siongezi chumvi.

Nauza mashuka Kariakoo. Mashuka hayauzwi kimya, unaita wateja kutwa.

Miaka mitatu nyuma nilikutwa na presha hospitali. Nikapewa amlodipine, nikaambiwa nirudi baada ya mwezi.

Sikurudi.

Dawa ikiisha nabeba pakiti tupu naenda kwa Mudi, mwenye duka la dawa pale kona. Anaitazama, ananipa nyingine. Siku nimelalamika kichwa, akasema, "Mzee wangu, meza mbili mbili."

Nikameza. Mudi, kama unapita humu, nimekutaja.

Fizi zikaanza kuvimba. Hazikuuma, zilikua tu, mpaka meno ya mbele yakabaki kuonekana ncha tu. Nikipiga mswaki, damu.

Jirani yangu wa meza, Mangi, akanipigia kelele mbele za watu: "We mzee, unafuga nyama mdomoni? Unatufukuzia wateja!"

Wakacheka. Nikaacha kuita. Nikawa nauza kama bubu.

Nikaenda na mke wangu kwa Ponda, anayejiita fundi meno, uchochoroni. Akasema meno yameoza mizizi, yang'oke manne. La kwanza likatoka. Jeupe, zima kabisa! Mke wangu kuliona, akanivuta mkono: "Baba Zai, inuka. Tunaenda hospitali."

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo tu.

"Shikamoo baba. Unatumia dawa gani?"

Nikashangaa, nimekuja na mdomo ananiuliza dawa. Nikampa pakiti.

"Baba, hii kuna watu inawakuza fizi, na wewe umezidisha. Ila usiiache mwenyewe, presha itakuangusha."

Akanipeleka kwa miguu yake mpaka kwa daktari wa presha, nikabadilishiwa dawa. Kisha akanisafisha meno kwa awamu, taratibu, ananipa pole kila nikishtuka.

Miezi ikapita, fizi zikashuka. Kumbe meno yangu, ukiacha lile la Ponda, yalikuwepo muda wote!

Ponda sijamsamehe, siwafichi. Lakini yule binti namwombea kila nikiinua mikono. Angeweza kunicheka kama wengine.

Wakuu, dawa ya kila siku inataka daktari wa kuifuatilia, na ukiona mwili umebadilika mtajie kila unachomeza.

Nani mwingine fizi zimemfanyia hivi? Semeni bila aibu. Mimi nimeshatangulia, na leo nimeita wateja mpaka sauti imekauka.