Mwezi wa Kwenye Simu

Faili lililonikera kuliko yote katika programu yetu ya kalenda ya Kiislamu lilikuwa la kuhesabu mwezi mwandamo. Programu ni huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na faili hilo aliliandika mwenzangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anaishi Ushongo. Lilikuwa refu, na bado kila mwezi ulipoandama alilifungua akaandika tarehe kwa mkono. Nilimuuliza kama tulisomea kompyuta ili tuje kuchungulia mbinguni. Kuna vifurushi vya pamoja, msimbo ulioandikwa mara moja na kutunzwa na wengi, nawe unauchukua bure. Akasema nikiona inafaa nibadilishe.

Nilibadilisha kwa alasiri moja. Nilifuta faili lake lote, nikaweka mistari minne ya kuita kifurushi. Majaribio yote ya kuhakiki tarehe yalipita, wala sikujiuliza kwa nini. Majibu sahihi ya majaribio hayo niliyachukua kwenye kifurushi hichohicho. Mimi, ninayemhoji hata muuza madafu.

Mtumiaji wetu mwaminifu kuliko wote ni bibi yangu wa Chumbageni. Kila mwezi hufunga siku nyeupe, kuanzia tarehe kumi na tatu hadi kumi na tano, na simu ndiyo humkumbusha. Majirani zake wawili hufunga pia, na siku ya tatu wote hufuturu kwake. Mwezi ule alipika tambi, maharage ya nazi na kaimati, akatandika mkeka. Ikaadhiniwa magharibi, asitokee mtu. Alipowapigia wakamcheka: kwao, waliofuata mwezi uliotangazwa kuonekana, ilikuwa siku ya pili.

Nilipofika aliitikia shikamoo yangu huku akinisogezea sahani. Nikamweleza kwamba hesabu ya kifurushi ni sahihi, mwezi huenda kwa kanuni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu," akasema, "huo mwezi wa kwenye simu, nani aliyeuona?"

Nikachukua kaimati, nikala. Akaongeza kwa upole kwamba nikishindwa atarudia kalenda ya ukutani anayoiandika kwa kalamu mwezi ukiandama, ambayo haijawahi kumkosesha wageni.

Kesho yake, bibi akiwa amefunga siku ya nne, nilisoma maelezo ya kifurushi, safari hii yote. Kumbe kulikuwa na mahali pa kusogeza tarehe kwa siku moja, palipoombwa na watu wa nchi nyingine wanaongoja mwezi kama sisi. Mwenzangu hakutaka faili lake lirudi, alisema lilishamchosha. Kifurushi kikabaki, na juu yake namba moja ya kuandikwa kwa mkono.

Namba hiyo sasa ni ya bibi. Mwandamo ukitangazwa hunipigia. "Umeandama. Andika."

Mwezi uliofuata majirani walikuja siku ya tatu. Mimi nilichelewa, nikakuta sahani ya kaimati ikiwa tupu. Nikailamba shira iliyobaki.