Pikapu ya Rika la Ndinda

Juzi tuliikuta pikapu ya mjomba ndani ya ghala lake la pamba kule Kathonzweni, kuku wametaga kitini. Harufu ya petroli na mbuzi ilinirudisha alasiri ile mjomba alipomkalisha binti yake Ndinda juu ya boneti, akasema, "Hii gari nilileta wiki ile ulizaliwa. Nyinyi ni rika moja."

Nilipojaribu kupanda, Ndinda alinisukuma. "Shuka. Rika yako iko wapi?"

Nilikuwa nimemzidi miaka miwili, na niliamini kila mtoto huzaliwa na gari lake, ila langu lilisahaulika njiani. Kwa wivu nilizunguka upande wa pili, nikaokota msumari, nikauchora mlango mwanzo hadi mwisho huku bati likilia.

Juzi hiyo fundi tuliyemwita, aliyekwisha kusikia habari za rika hilo, aliisugua kwa mafuta ya taa namba ya chesisi, inayoonyesha mwaka gari lilipotengenezwa, akaisoma polepole. "Mzee alinunua ikiwa imeshatumika. Hii imemzidi Ndinda miaka miwili."

Niliupapasa ule mkwaruzo, bado upo. Kumbe siku ile nilimkwaruza wa rika langu, na ufunguo hadi leo uko kwa Ndinda.