Kocha mbovu kuliko wote kwenye klabu yetu ya Bukoba nilikuwa mimi

Wakuu, nawasalimu.

Kwa umri wangu ningekaa kusubiri shikamoo zenu, lakini humu ndani sote ni wakuu, basi tuendelee.

Nimesoma ule uzi wenu wa makocha wabovu kwenye historia ya klabu, kurasa zote. Mmetukanana, mmerushiana matokeo, mmoja ameapa hatamsamehe kocha wake mpaka kaburini. Nikasema ngoja na mimi nitoe ushuhuda.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Mtu anatunga uongo wa kujipamba, hatungi uongo wa kujiaibisha.

Ilikuwa Bukoba, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi mtoto wa Kahororo, nje kidogo ya mji, umri miaka ishirini na kidogo, karani kwenye ghala la kahawa mjini.

Timu yetu tuliiita Bakoba Wanderers. Msicheke. Enzi hizo timu isiyo na jina la Kiingereza ilionekana ni ya watoto.

Nusu ya wachezaji walikuwa Wahaya wa Kahororo, nusu vijana wa Kiislamu wa mtaa wa Bakoba, wengine babu zao walitoka pwani. Nje ya mpira hatukuwa na mengi ya kutukutanisha. Ijumaa wao msikitini, Jumapili sisi kanisani. Jioni tu ndipo tulikuwa kitu kimoja, kwenye kiwanja cha karibu na ziwa.

Neno kocha hatukuwa nalo. Tulikuwa na meneja. Huyo ndiye alipanga timu, alibeba mpira na kuandika barua za kuomba mechi.

Meneja wetu, mwalimu wa shule, akahamishiwa Ngara. Tukabaki yatima.

Kapteni wetu alikuwa golikipa, anaitwa Sefu, muoka mikate wa Bakoba, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Akanifuata ghalani.

"Karani, wewe Kiingereza unakijua. Na mwaka jana ulikwenda Kampala. Mpira wa kule uliuona?"

"Niliuona."

"Mechi ngapi?"

"Nyingi."

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu.

Kampala nilikwenda kumpeleka mjomba hospitali. Nilikaa siku nne. Siku moja tulipita kando ya kiwanja chenye watu wengi, nikachungulia katikati ya mabega ya watu, nikaona mpira ukienda juu mara mbili. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa CV yangu.

Na kucheza? Nilikuwa sijawahi kucheza mechi hata moja ya maana.

Lakini nilikuwa kijana, na kuitwa Bwana Meneja kulinipendeza sana.

Nikaazima kitabu cha soka cha Kiingereza kwa padri mmoja. Kitabu kilisema timu za kisasa zinaweka mabeki watatu. Sisi tulizoea wawili. Nikachukua punje za kahawa, nikazipanga mezani, nikazisogeza huku na huku usiku na mchana. Punje zilinitii vizuri mno.

Tulikuwa na winga wa kushoto anaitwa Rweyongeza, jirani yangu wa Kahororo. Huyo kijana akishika mpira pembeni, hata wazee wanasimama. Mimi nikamtoa kwenye wingi, nikamweka beki wa kati.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Wewe una mbio. Mbio zako zitatulinda."

"Meneja, mimi sijui kukaba."

"Kitabu kinasema utajifunza."

Sikuishia hapo. Wachezaji wetu karibu wote walicheza peku, kama timu nyingi za wakati ule. Mimi nikaona ni ushamba.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja wa Kihindi, Nurali, mpenzi mkubwa wa timu. Dukani kwake kulikuwa na kreti la mabuti yaliyoagizwa kwa ajili ya wachimba madini wa Karagwe, yakaja yote makubwa, hakuna aliyeyataka. Akatupatia bure. Tukayajaza majani makavu ya migomba ili miguu isicheze ndani.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Muleba.

Muleba ya wakati huo haikuwa wilaya, ilikuwa soko na maduka machache kando ya barabara ya Biharamulo. Tulipanda lori la kahawa lililokuwa linakwenda tupu. Vumbi lote la Muhutwe tulilimeza sisi. Tulifika tunaimba.

Wenzetu wa Muleba wakatoka peku, wepesi kama mbuzi. Sisi tukaingia na mabuti ya machimbo.

Kufika mapumziko ni nne bila.

Sefu akakaa chini, akaanza kuvua mabuti. Nikamfokea mbele ya watu.

"Vaa! Sisi ni timu ya mjini!"

Akaniangalia. Akavaa.

Ikaisha saba bila. Rweyongeza, kwa kukimbia na buti lisilo lake, ukucha wa kidole gumba uling'oka wote. Tulipolivua, majani ya mgomba yalikuwa mekundu. Hakulia. Aliomba maji tu, akapanda lori kwa kubebwa.

Kurudi hakuna aliyeimba.

Jumapili iliyofuata, mchana, timu nzima ikakutana kwenye baraza la duka la Nurali. Rweyongeza hakuja, mguu umevimba.

Hoja iliyoletwa ilikuwa moja: klabu ivunjwe. Wa Bakoba waanzishe timu yao, wa Kahororo yao. Wa Bakoba wakasema meneja ni Mhaya, ndiyo maana. Wa Kahororo wakasema golikipa ndiye aliyefungwa saba. Ikaanza kuwa vita.

Nurali, ili kupoza, akatania: "Jamani, tumeshapata mameneja wabaya kuliko huyu!"

Wakuu, mbishano wenu wa humu ni mtoto mdogo.

Mmoja akamtaja meneja wa kwanza, aliyepanga mashemeji zake mpaka wakafika watano uwanjani, na kila mmoja anamgombeza mwenzake mambo ya ukweni. Mwingine akasema hapana, mbaya ni yule wa pili, aliyetupeleka Kanyigo siku ambayo mechi ilikuwa Kemondo. Tukamkuta mchungaji na ng'ombe zake.

"Lakini siku ile hatukufungwa!" mmoja akamtetea.

Watu wakacheka. Mwingine akamtaja mwalimu wa Ngara, aliyekuwa anachapa fimbo kila anayekosa penalti. Bishana, bishana. Halafu wote wakageuka kunitazama mimi. Kura ilikuwa imeshapigwa.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, kwamba kitabu ni kizuri ila wachezaji hawakuelewa. Nikamwona Sefu, unga wa ngano bado uko mikononi mwake, anasubiri.

Maneno yale yakanikataa.

"Kampala sikuona mechi," nikasema. "Hata moja. Niliwadanganya. Timu nimeipanga kwa punje za kahawa. Saba zile si za Sefu. Ni zangu."

Mmoja akasema, "Afukuzwe."

Sefu akanyanyua mkono.

"Wale watatu tuliowataja, kuna aliyewahi kusema kosa ni langu?"

Wakatikisa vichwa.

"Basi huyu tusimfukuze. Asiyejua akikubali kwamba hajui, anafundishika. Ila Karani, leo hii nenda kwa Rweyongeza. Akikataa kurudi, mimi mwenyewe ndiye nitakayevunja klabu."

Nilikwenda Kahororo kwa miguu. Njiani nilitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Mama yake Rweyongeza, Ma Koku, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Alinijua tangu nazaliwa.

"Waitu, Ma Koku," nikaanza kwa neno letu la heshima, "nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa uliyemtengeneza mwenyewe?" Hakuinua macho. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Amelala kule ndani, lakini anasikia."

Nikaomba radhi nikiwa nimekaa pale mlangoni, naongea na ukuta. Nikasema yote, Kampala na kitabu. Mwisho nikasema, "Ndugu yangu, rudi kwenye wingi. Na unifundishe mpira."

Kule ndani nikasikia kicheko.

"Meneja afundishwe na mchezaji?"

"Ndiyo."

"Utavua viatu?"

"Nitavua."

Ma Koku naye akacheka, akanipa punje za kahawa nitafune. Kwetu ukipewa hizo, umepokelewa.

Kuanzia wiki iliyofuata, kila jioni baada ya kufunga ghala, mimi ndiye niliyefundishwa. Peku. Rweyongeza amekaa pembeni na bandeji yake, ananielekeza. Sefu ananipigia mipira mpaka kifua kinauma. Nilianguka, walicheka, lakini nilianza kuelewa kwa nini winga anahitaji nafasi na kwa nini golikipa anapiga kelele. Timu tukawa tunaipanga pamoja, mimi, Sefu na Rweyongeza, tumekaa mchangani.

Waliotaka kuvunja klabu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Kwanza kuja kucheka meneja anavyoanguka. Halafu kucheza.

Ukucha ulipoota, nikaandika barua Muleba, nikawaomba waje.

Walikuja. Walitangulia kufunga, mapema tu. Nikanyamaza, nikakaa chini, kwa sababu sikuwa na la kuwafundisha.

Kipindi cha pili Rweyongeza akaondoka na mpira kushoto, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akakata krosi, na kijana wa Bakoba akaiweka wavuni kwa kichwa. Moja moja. Wa Bakoba na wa Kahororo wakarukiana, huwezi kujua nani ni wa wapi.

Ikaisha hivyo. Sare.

Kapteni wa Muleba akaja kunipa mkono, akaniuliza, "Mmebadilisha meneja?"

Sefu akajibu kabla yangu: "Tumemtengeneza."

Niliendelea msimu ule na mwingine mmoja. Tulishinda mechi chache, tulifungwa nyingi. Kwa matokeo hakuna wa kunipita kwa ubaya, na sibishani na yeyote. Lakini klabu haikuvunjika. Uhuru ulikuja ukatukuta bado tunacheza pamoja, na vijana wa baada yetu wakaikuta timu moja, si mbili.

Sefu ametangulia mbele ya haki. Rweyongeza yupo. Alioa Muleba kule kule alikopoteza ukucha, na wajukuu zake wanacheza wingi ya kushoto.

Somo nililopata nimekaa nalo maisha yangu yote, mpaka kwenye ualimu nilioufanya baadaye: kutojua si aibu kubwa. Aibu ni kuwavalisha watu wengine mabuti ya kutojua kwako.

Naombeni maoni yenu, wakuu. Nani kati yenu aliwahi kumsikia kocha, mwalimu au bosi wake akisimama mbele ya watu na kusema "nilikosea"? Na alipokwisha kusema, nyie mlimfanyaje?