Kisima Ndani ya Mraba

"Hivi huyu wifi yako," jirani yangu mshona nguo aliniuliza siku moja tukianua nguo, "visima vyote hivyo anavyochimba, udongo wake anautupa wapi?"

Sikumlaumu. Wifi yangu, kitindamimba wa kwa mume wangu, ameajiriwa ofisi ya maji, na ukimuuliza ameshindaje atakwambia, "Nimechimba visima, viwili nimevifuta baada ya chai." Mikono yake laini kama ya bibi harusi.

Visima vyenyewe vimo kwenye kompyuta. Huko ardhi ya chini anaikata miraba miraba kama daftari la hesabu, kila mraba anaupa mchanga wake na maji yake, kisha anatoboa kisima cha kuigiza na kukivuta miaka ishirini kabla ya saa ya chakula. Niliona ni kazi ya heri. Kisima kikikauka, unazima na kuwasha upya.

Mwaka jana wakubwa wakataka kisima cha mtaa wetu kivutwe maradufu, kiwanyweshe na watu wa mtaa mpya. Sisi hatuna kingine. Wifi akaulizwa, kitahimili? Kompyuta ikasema kitahimili. Mkuu wake akampa mkono mbele ya watu, nasi nyumbani tukamshukuru Mungu kwa kutupatia mtu ofisini.

Pampu ikaongezwa kasi. Haikukaa ikaanza kukohoa: asubuhi maji, mchana upepo. Fundi wa pampu akaonya kwamba ikizidi kunyonya upepo itaungua, tubaki na shimo.

"Kwenye kompyuta ya wifi yako maji yapo?" mshona nguo akaniuliza.

"Yapo."

"Basi atuletee ndoo moja ya huko."

Jioni ile wifi hakugusa chakula. Nikamfuata chumbani.

"Kosa ni langu, wifi," akasema. "Mkuu alitaka jibu kabla ya kikao, na mashine ilikuwa inajikongoja. Nikaikuza miraba ili iwe michache."

"Kukuza miraba nako ni dhambi?"

"Mraba mmoja sasa ni uwanja wa mpira, na kisima ni tundu la kupita ndoo. Ukinyonya mtindi mzito kwa mrija, penye mrija panabonyea, pembeni bado kumejaa. Kompyuta inajua habari za kikombe kizima tu. Kule kubonyea nakuhesabu mimi kando, na hesabu yake hufuata ukubwa wa mraba. Nimekuza mraba, hesabu nikaiacha ile ya zamani."

"Kwa hiyo uwanjani maji yapo."

"Tele. Kisimani ndiko hayapo."

Nilitaka kucheka, nikayaona macho yake. Nikamshika mkono, tukaomba.

Kesho yake alimpelekea mkuu hesabu mpya. Mkuu aliisoma, akafunga mlango. Mtaa mpya alishauahidi maji kwa kinywa chake mwenyewe, na pampu asingeipunguza. Akamshauri kwa upole wa baba, "Binti yangu, kompyuta ya ofisi haikosei mbele ya wananchi. Sema mvua zimepungua. Ukisema vingine, kiti chako kina watu wengi wanaokitamani."

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimebomoa choo cha mshona nguo.

Jumamosi tukaitwa kikaoni, kila mtu na ndoo yake tupu. Mkuu alieleza habari za ukame kwa ufasaha mkubwa, na watu wakamsikiliza huku wakikwangua tope kwenye viatu. Kisha akamkaribisha mtaalamu wetu athibitishe.

"Akisema kweli," mume wangu akaninong'oneza, "Jumatatu anashinda na wewe jikoni."

"Masufuria yapo ya kutosha," nikamjibu.

Wifi alisimama. Hakumtazama mkuu wake, wala sisi.

"Hesabu ya kisima hiki niliikosea mimi, mvua haihusiki. Naomba pampu irudishwe kasi yake ya zamani leo hii, kabla haijaungua."