Mgonjwa wa Mazoezi

Mwaka wa sabini, miezi michache tokea mimi, mume wangu na mama yake tuingie Maskati kutoka Unguja, nilipata kazi ya ukalimani kwenye zahanati moja ya Matrah. Daktari wetu, mgeni kutoka Ulaya, alijua Kiingereza na hakuona haja ya lugha nyengine. Khabari za kipindupindu zilikuwa zikisikika nchi za jirani, akaamua tufanye mazoezi kabla hakijatubishia hodi. Alitaka mtu wa kujifanya mgonjwa, akanichagua mimi kwa kuwa nayaelewa maelezo yake. Kwamba mkalimani akishalazwa hapabaki wa kufasiri, hilo halikuwamo katika mipango.

Siku yenyewe wakubwa walikuja, wakakaa kivulini na halua na kahawa. Mimi nikalazwa juu ya machela, juani. Daktari akatoa amri. Wabebaji, wasiojua ila Kiarabu na Kibalushi, wakamtazama kwa heshima kubwa wala wasitikisike. Ikabidi mimi, maiti mtarajiwa, niinue kichwa niwaambie waninyanyue polepole. Daktari akanikemea: mtu mahututi hasemi. Nikatii, nikanyamaza. Wakanichukua moja kwa moja hadi kwa wakubwa, wakanitua kando ya halua. Mkubwa mmoja akajifunika pua kwa kilemba. Ndiye pekee aliyeyafanya mazoezi yale kwa moyo.

Hatimaye nikatiwa kwenye hema la karantini, likazungushiwa kamba, askari akawekwa asiingie mtu. Daktari na wakubwa wakenda kula.

Huku nyuma khabari ilishafika Darsait, tulikokuwa tukikaa, kwamba nimebebwa kwa machela. Mama mkwe wangu akaja kwa miguu na birika la uji. Askari akamwambia ni marufuku kuingia. Akamuuliza kama yeye hana mama. Askari akamwinulia kamba apite.

Nikamweleza kwa sauti ya chini kuwa mie mzima, tunafanya mazoezi tu.

"Mazoezi ya kuumwa?" alisema. "Mwanangu, kuumwa hakutaki mazoezi. Kunywa uji."

Nikanywa. Hapakuwa na aliyekumbuka kwamba mgonjwa naye hula, na machozi yaliyonitoka pale hayakuwa ya kujifanya.

Daktari aliporudi akatangaza kuwa bibi huyu keshaambukizwa, kwa kanuni hatoki. Nikamfasiria mama. Akaitikia vizuri, akauliza kibla kiko upande gani maana adhuhuri imeingia. Daktari akataka kujua kasema nini. Nikamwambia amekubali.

Alasiri mkubwa mmoja akahutubia: mazoezi yamefaulu, wananchi wameelimika. Na kweli walielimika. Majirani waliacha kunywa maji kwangu. Vitumbua nilivyopeleka nyumba ya pili vilirudi kama vilivyokwenda. Mume wangu alitengewa kikombe chake cha kahawa, na kila alipoeleza kwamba ulikuwa mchezo tu, wenzake walimtikisia kichwa kwa huruma.

Nilipona wiki ya harusi mtaani kwetu, majirani walipokosa mikono ya kukunja sambusa na kutwanga. Hakuna aliyeniuliza hali. Nilisogezewa kinu cha bizari, nikaambiwa nianze.